Nafasi Moja ya Seoul

Mpira ulipopaa juu ya uwanja wa besiboli wa Sajik, watu elfu ishirini walisimama kwa mpigo mmoja. Mok Dasom peke yake akabaki ameketi, penseli mkononi, daftari magotini, mfuko wa plastiki wa rangi ya chungwa umefungwa kichwani kama kilemba, desturi ya mashabiki wa pale. Mfuko huo alivalishwa kwa nguvu na baba yake. Mzee Mok alikuwa ameendesha basi la mji wa Busan kwa miaka ishirini na sita, na hakukubali mtu wa damu yake aingie Sajik kichwa wazi.

"Dasom! Mpira uko juu, wewe unatazama nini huko chini?"

"Kazi ya kesho, Baba."

"Kesho itakuja yenyewe. Mpira huu ukipita umepita!"

Mpira ukadakwa. Uwanja mzima ukaguna kama mtu mmoja aliyekanyagwa kidole. Katika utulivu mfupi uliofuata, sauti ya kiume ikasema nyuma ya sikio la Dasom:

"Samahani. Mstari wa saba umepanda bila tiketi."

Dasom aligeuka. Aliona kijana mrefu aliyevaa shati la mistari ya buluu, nywele zake fupi zinaota upya kila moja na njia yake, mkononi ana ngisi mkavu wa kutafuna. Macho yake yalikuwa kwenye daftari.

"Umesemaje?"

"Hapo. Umeingiza kikomo ndani ya jumla kama mtu anayeingia kwao. Nani kakuruhusu?"

Dasom aliutazama mstari wa saba. Damu ikampanda usoni, maana kijana alikuwa sahihi.

"Na wewe nani kakuruhusu kusoma daftari la mtu?"

"Nilijizuia mpaka mstari wa sita."

Mzee Mok alicheka mpaka bia ikamwagika kwenye viatu. "Bila tiketi! Kwenye basi langu huyo ningemshusha kituo cha kwanza! Kijana, unasoma hesabu?"

Kijana aliinamisha kichwa kwa adabu. "Ndiyo, mzee. Idara moja na binti yako. Tangu Machi nakaa nyuma yake darasani. Nakijua kisogo chake kuliko uso wake."

"Unaitwa nani?" Dasom aliuliza, akijitahidi sauti yake iwe baridi.

"Pyo Hanbit."

Penseli ilimponyoka. Jina hilo lilisimuliwa katika idara kama hekaya: yule mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyesimama katikati ya mhadhara, akarekebisha uthibitisho wa profesa ubaoni, kisha akaenda zake jeshini kwa utumishi wa lazima. Dasom alikuwa amemfikiria mtu mwenye miwani minene na mabega ya mzee. Hakumfikiria mtu mwenye punje za ufuta wa ngisi wake kwenye kidevu.

Timu yao ilifungwa, kama kawaida yake. Lakini Mzee Mok alikataa kwenda nyumbani na huzuni, akawaburuta wote wawili kula supu ya nguruwe na wali, na walipokuwa wanaondoka Hanbit alikuwa na namba ya simu ya Dasom, ameiandika pembeni ya mstari wa saba.

*

Simu zilianza asubuhi ya siku ya tatu.

"Umeamka, mkubwa wa visogo?" Hanbit aliuliza.

"Bado."

"Basi anayeongea ni nani?"

"Ni hasira zangu. Mimi nimelala."

"Ziambie hasira zako nimepata njia ya kuliokoa lile swali lako la Sajik. Kifungua kinywa juu yangu."

"Hasira zinauliza kuna mayai?"

"Mayai mawili, mpenzi wa Mungu. Shuka."

Walitembea mji mzima wakati wa kiangazi kile. Dasom hakuwa mtu wa kukaa. Akiwaza, miguu yake ilitaka kuwaza pia, na Hanbit alijifunza kumfuata: ngazi za Bosu-dong zenye maduka ya vitabu vikuukuu, soko la Bupyeong walikokula samaki wa kusagwa kwenye vijiti na kunywa mchuzi wake wa moto katika vikombe vya karatasi, pwani ya Gwangalli ambako Dasom alivua raba na kuandika namba tasa kwenye mchanga kwa kidole cha mguu. Alivaa sweta la njano ambalo mikono yake ilikuwa imepauka kwa vumbi la chaki. Hanbit alisema angemjua kwa sweta hilo hata katikati ya umati wa Sajik.

"Sema ukweli," Dasom alimwambia siku moja, wameketi ukutani pale Gwangalli, miguu inaning'inia. "Unataka kuwa nani?"

"Leo au mwakani?"

"Usinichezee. Kila mtu ananiuliza mimi. Shangazi ananiuliza, kinyozi wa baba ananiuliza. Seunga wa darasa letu ameshapata kazi ya bima. Mwenzetu mwingine anafungua darasa la ziada la watoto wa matajiri. Shahada yetu ni kama ufunguo usio na mlango. Wote wanakwambia ni mzuri, hakuna anayekuonyesha unafungua wapi."

"Baba yako anataka nini?"

"Niwe mwalimu wa serikali. Mshahara, likizo, pensheni. Anaitaja pensheni kama jina la mjukuu."

"Na wewe?"

"Nataka kuendelea. Nikilifikiria swali ambalo hakuna mtu anayejua jibu lake, sipati usingizi, sipati njaa, na siku hiyo ndiyo nzuri kuliko zote. Lakini naogopa, Hanbit. Itakuwaje nikienda huko mbele nikakuta mimi ni mtu wa kawaida tu?"

Hanbit alimpangusa mchanga kwenye kifundo cha mguu. Alifungua mdomo kama mtu anayetaka kusema jambo lake mwenyewe, kisha akaufunga.

"Mtu wa kawaida hachafui pwani ya watu kwa namba," alisema.

*

Septemba habari ikabandikwa: chuo kikuu kimoja cha Seoul kilitoa nafasi ya kusomea hadi shahada ya uzamivu, gharama zote zimelipwa, na idara yao ingependekeza jina moja. Jina hilo angelichagua Profesa Ok, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkavu, ambaye wanafunzi walisema hajawahi kumsifu mtu aliye hai.

Idara nzima ilijua majina yaliyofaa yalikuwa mawili, la Dasom na la Hanbit.

"Sikiliza," Dasom alimwambia Hanbit kwenye ngazi za idara. "Tushindane kwelikweli. Asiwepo wa kumwachia mwenzake. Ukinishinda, nitalia, nitakutukana siku tatu, halafu nitakusindikiza stesheni."

"Na ukinishinda wewe?"

"Utanibebea mizigo."

"Haya."

"Niahidi."

Hanbit alisita kidogo tu. "Naahidi."

Dasom alisoma kama anayekimbizwa. Maktabani alibadili kiti mara tatu kwa saa. Alipungua mpaka sweta likamning'inia. Kila alipochoka alimwona Hanbit akilini, ameinamia karatasi mahali fulani, anakimbia ubavuni mwake, na pumzi zikamrudia. Katikati ya Oktoba aliitwa ofisini, akaambiwa jina lililochaguliwa ni lake. Alitoka akiwa haioni sakafu.

Karani wa idara alimshika mkono kwa furaha. "Hongera, binti! Na huyo Hanbit naye ni muungwana, jamani. Kuja kuitoa barua yake ya maombi wiki tatu kabla, kimyakimya namna ile! Siku hizi wapenzi wa hivyo wako wapi?"

Sakafu ikarudi ghafla.

Alimkuta Hanbit kwenye kituo cha basi mbele ya lango la chuo, ana maua, tena ya njano, rangi ya sweta lake. Ndiyo maana alipigwa na hasira mara mbili.

"Wiki tatu," Dasom alisema.

Tabasamu la Hanbit likafa. "Dasom, ningekwambia."

"Lini? Nikishazeeka? Wiki tatu nimekimbia usiku na mchana na mtu ambaye hayupo! Uliniona maskini wa akili, ukaniwekea chakula mezani ukaondoka?"

"Sivyo."

"Uliniahidi!"

"Nisikilize kwanza—"

"Nilitaka kushinda, Hanbit. Sikutaka kuokota."

Watu kituoni walijifanya kusoma ratiba. Basi likaja, Dasom akapanda bila kuangalia namba yake, na maua yakabaki chini na mtu wake. Simu iliita siku nne. Siku ya tano haikuita, na hiyo ndiyo iliyomliza.

*

Aliiandikia ofisi ya idara kwamba hataki ile nafasi. Hakupata jibu. Akaanza kufundisha darasa la ziada, akaacha baada ya siku sita. Mwishowe akapanda basi la baba yake, akaketi kiti cha nyuma ya dereva, wakazunguka njia nzima kutoka mwanzo hadi mwisho, mara tatu, bila neno. Mzunguko wa tatu ulipokwisha, Mzee Mok alizima injini, akavua glavu zake nyeupe.

"Wewe umeachwa au umeacha?"

"Sijui, Baba."

"Na Seoul?"

"Nimekataa. Si ulitaka niwe mwalimu? Furahi."

Mzee Mok aligeuka kwenye kiti. Alikuwa na uso wa mtu anayelazimika kusema jambo zito bila kuwa amekunywa. "Mama yako alipofariki ulikuwa na miaka tisa. Tangu hapo kila ninachokutakia ni kitu kisichoweza kuvunjika. Ualimu hauvunjiki. Nilikutakia kwa sababu ninaogopa, mwanangu, si kwa sababu ninajua. Usiishi kwa woga wangu. Una wa kwako wa kukutosha." Akavaa glavu. "Sasa shuka. Una tiketi ya mara moja, umezunguka mara tatu."

Kesho yake Profesa Ok alimwita. Barua ya kukataa ilikuwa mezani, juu yake kikombe cha kahawa.

"Hii nimeifanya kisahani cha kikombe," alisema. "Majina yanapelekwa Jumatatu saa sita mchana. Nieleze kwa nini nipeleke tupu."

"Nafasi si yangu, Profesa. Niliachiwa."

"Uliachiwa na nani? Mimi ndiye ninayechagua."

"Hanbit asingejitoa, ungemchagua nani?"

Profesa alivua miwani. Dasom alingoja jibu kama mgonjwa anavyongoja daktari.

"Sijui. Na hata ningejua nisingekwambia. Nimesoma karatasi zako ulipokuwa unadhani unashindana. Zile ni kazi zako au za Hanbit?"

"Zangu."

"Basi. Ya mapenzi yenu siyawezi, mimi ni mtu wa namba. Lakini kama unataka kujua kwa nini kijana alijitoa, Jumamosi mchana yuko Yeongdo, ghorofa ya pili, juu ya duka la nanga. Kamwulize mwenyewe, usiniulize mimi."

*

Yeongdo kuna karakana za meli, na Jumamosi ile nyundo zilikuwa zinagonga vyuma kutoka pande zote. Dasom alipanda ngazi nyembamba juu ya duka la nanga, akasimama kwenye mlango uliokuwa wazi.

Ndani walikaa bibi vizee wanane kwenye madawati ya kitoto, wamevaa fulana za maua na kofia za jua. Ubaoni Hanbit alikuwa amechora kipande cha tofu ya maharage ya soya na kukigawa.

"Mwalimu!" bibi mmoja alipiga kelele. Aliitwa Bibi Chae. Miaka thelathini alikuwa amebandua kutu za meli kwa nyundo, na masikio yake yalibaki hukohuko. "Nane ni kubwa kuliko nne! Sasa kwa nini moja ya nane iwe ndogo kuliko moja ya nne? Huo uongo!"

"Bibi, ukigawa tofu moja kwa watu wanne, na mimi nikagawa yangu kwa watu wanane, ungependa kula kwa nani?"

Bibi Chae alifikiri. Midomo ilicheza. Kisha uso wake wote ukafunguka, akapiga dawati. "Kwangu! Kwako watu watakufa njaa! Loo! Miaka sabini na nne nimeishi hakuna aliyeniambia!"

Hanbit alicheka, akarusha mikono juu kama mshangiliaji wa Sajik. Dasom alikuwa amemwona akitatua maswali ambayo idara nzima iliyashindwa, na hata siku moja hakumwona na uso ule. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya maua, alianza kushuku kwamba hakuelewa jambo.

"Mwalimu," Bibi Chae alisema kwa sauti aliyodhani ni ya siri, "huyo mlangoni ndiye yule wa kisogo?"

Hanbit aligeuka. Chaki ikavunjika mkononi.

Waliteremka wakasimama kando ya gati, kati ya minyororo iliyorundikwa. Hanbit alikuwa na koti la kijani la jeshi, mifuko yake imejaa vipande vya chaki.

"Tangu lini?" Dasom aliuliza.

"Tangu Aprili. Wanajiandaa kwa mtihani wa cheti cha shule ya msingi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Aibu. Kila mtu anasema Hanbit atafika mbali. Ningewaambiaje kwamba ninapotaka kufika ni hapa, ng'ambo ya daraja?" Alipiga teke mnyororo taratibu. "Jeshini nilikuwa na kitabu kimoja. Nikisoma uthibitisho, nasema 'mzuri sana', nafunga, nalala. Wewe ukisoma huohuo unaacha kula. Unauliza, je, sharti hili likiondolewa? Unaugombeza kama mume mlevi. Mimi ni mgeni aliyekaribishwa mezani, Dasom. Wewe unaingia jikoni kuona kimepikwaje. Nilijua siku ile Gwangalli, nikashindwa kusema."

"Kwa hiyo hukunihurumia."

Hanbit alitoa kipande cha chaki mfukoni, akakigeuzageuza. Nyundo ziligonga.

"Hanbit."

"Nikisema hapakuwa na chembe, nitakudanganya. Nilitaka uipate wewe. Hilo nalo lilikuwemo."

"Kiasi gani?"

"Sijui."

"Robo? Theluthi?"

"Sijui, mpenzi. Nimejipima kila siku, sipati. Sababu kubwa ni niliyokwambia. Lakini kosa langu si kuitoa barua. Kosa langu ni kukuacha ukimbie peke yako huku ukiamini niko ubavuni. Kwa hilo naomba radhi, na usiponisamehe sitalalamika."

Dasom alifunga mikono kifuani. Hasira ilikuwa bado ipo, imara, lakini sasa ilisimama mbele ya mtu mwingine, si yule aliyekuwa akigombana naye usiku kucha kichwani.

"Tungeshindana, nani angeshinda?"

"Mimi nasema wewe."

"Mimi nasema wewe."

"Basi hatutajua."

"Sitajua maisha yangu yote," alisema Dasom polepole, akilionja lile neno. Lilikuwa chungu, lakini alilimeza. "Bado nina hasira."

"Najua."

"Haziishi leo."

"Jumamosi ijayo niko hapahapa. Na inayofuata."

Dirishani juu kichwa chenye kofia kilichomoza. "Mwalimuuu! Tofu imebaki ubaoni! Mlete naye aje afundishe, asisimame hapo kama nguzo!"

Dasom alicheka bila kutaka. Wakapanda. Siku ile alifundisha kujumlisha sehemu kwa nusu saa, akachanganyikiwa mara mbili mbele ya Bibi Chae, na akatoka akijua kwa hakika kwamba kazi hiyo si yake, na kwamba ya Hanbit ni hiyo hasa. Jumatatu saa tano na dakika arobaini alikuwa mlangoni kwa Profesa Ok, anahema. Profesa alichukua karatasi yenye jina lake, akaipiga muhuri, akasema, "Nguo zako za baridi hazitoshi. Seoul si Busan." Wanafunzi walipoambiwa, walisema hiyo ndiyo sifa ya kwanza kutoka mdomoni mwake.

*

Mwisho wa Februari walisimama watatu kwenye stesheni ya Busan, upepo wa bahari unapekua makoti. Dasom alivaa koti jipya jeusi lililofika vifundoni; Mzee Mok alilinunua akidai lilikuwa linauzwa bei ya kutupa. Mzee alikumbatia ndoo ya kimchi, kabichi ya pilipili iliyochachuka, iliyofungwa kwa kitambaa, anakataa kuiachia. Hanbit, aliyekuwa ameandikishwa kusomea ualimu palepale Busan, alibeba kila kilichobaki.

"Ukifika piga simu," alisema Mzee Mok. "Ukiwa njiani piga simu. Usipopiga nitaendesha basi mpaka huko, na abiria wake wote."

"Sawa, Baba."

Dasom hakutulia. Alihesabu mabehewa, akatafuta tiketi aliyokuwa nayo mkononi, akaenda hatua tano, akarudi. Hanbit alimtazama akizunguka, kisha akaweka mizigo chini.

"Sema."

"Nini?"

"Unachozunguka nacho."

Dasom alisimama. "Miaka mitano, Hanbit. Labda sita. Nitakuwa nakosea kila siku, nitakuwa na hasira, nitapiga simu wakati unasahihisha madaftari. Sijui nitafaulu. Sijui nitarudi Busan au nitakwenda mbali zaidi."

"Najua hayo."

"Basi nioe."

Ndoo ya kimchi ilitaka kumwanguka Mzee Mok.

"Sasa hivi?" Hanbit alisema. "Treni inaondoka baada ya dakika nne."

"Si leo, mjinga! Mwakani, nikimaliza mwaka wa kwanza. Hata wakinifukuza. Hasa wakinifukuza."

Hanbit aliangalia raba zake, akamwangalia Mzee Mok, akamwangalia tena msichana yule mwenye koti kubwa na pua nyekundu ya baridi. Macho yake yalikuwa yamejaa.

"Mzee," alisema, "nifanyeje?"

"Mimi ndiye niliyeulizwa?" Mzee Mok alifoka, naye akijifuta kwa ukingo wa kitambaa cha ndoo. "Mjibu mtoto, watu wanapanda!"

"Ndiyo," Hanbit alisema. "Ndiyo, Dasom. Ndiyo."

Alimkumbatia pamoja na koti, begi na kila kitu. Kisha filimbi ikalia, ndoo ikaingizwa behewani kwa kusukumwa na watu watatu, na mlango ukajifunga. Dasom aliwaona dirishani, mmoja mrefu mmoja mfupi, wanapunga mikono kwa kasi zisizolingana, mpaka nguzo zikawala.

Alifungua daftari. Hakusoma neno. Miguu yake ilikuwa inatembea chini ya meza ndogo, na mama aliyekaa kando yake akamwuliza kama anaumwa.

"Hapana," alijibu. "Nimechumbia."

"Umechumbiwa, ndivyo ulivyotaka kusema?"

"Hapana, mama," alisema Dasom, na huku machozi yakimtiririka akacheka mpaka behewa zima likageuka. "Nimechumbia mimi."